Kujifunza kwa magwiji wa taichi, shingyi, bagua na tafakuri ya Kitao: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaouliza kuhusu sanaa hizi za Kichina za mapigano na tafakuri ni wa aina mbili. Wapo vijana waliokua na filamu za kungfu na sasa wanataka kujua ukweli uko wapi, na wapo watu wazima wenye mgongo unaouma na usingizi wa mang'amung'amu, waliosikia kwamba Wachina wana mazoezi yake. Wote huishia pamoja: nimpate wapi wa kunifundisha, na nitajuaje kama anajua? Majibu mengine hapa ni marefu, mengine ni sentensi chache, kwa kadiri ya uzito wa jambo.

Ni sanaa zipi hasa tunazozungumzia?

Kwa desturi ni tatu, na zote zilikomaa kaskazini mwa China. Taichi ya leo inafuatwa nyuma hadi kijiji cha Chenjiagou, wilaya ya Wen, mkoa wa Henan, kwa ukoo wa Chen, ambao humtaja Chen Wangting wa karne ya 17 kuwa ndiye mwanzilishi. Shingyi ilistawi Shanxi na Hebei. Hiyo haizunguki: inakwenda mbele moja kwa moja, na msingi wake ni ngumi tano tu, kila moja ikipewa jina la mojawapo ya asili tano za Wachina, yaani metali, maji, mti, moto na udongo. Bagua ilienea kutoka Beijing kwa Dong Haichuan, aliyefariki mwaka 1882. Mwanafunzi wa bagua hutembea akizunguka duara, kiwiliwili kimegeukia katikati, mzunguko baada ya mzunguko hadi mapaja yawake moto.

Aliyewafanya watu wazitazame kama ndugu wa tumbo moja ni Sun Lutang (1860–1933). Alianza na shingyi, akaenda bagua, na akaingia taichi akiwa amekwisha vuka miaka 50. Kitabu chake cha shingyi kilitoka mwaka 1915, na kwa maisha yake yote alishikilia kwamba njia hizi tatu zina kanuni moja. Kanuni yenyewe ni ya mwili kabisa. Nguvu inaanzia mguuni, inapanda kwa nyonga na kiuno, inatokea kwenye mkono ambao haukukazwa. Hii unaweza kuipima kwa kugusana na mtu, leo hii, bila kuamini chochote.

Tafakuri ya Kitao, yaani ya Utao, dini ya kale ya China, ni jirani wa sanaa hizi, na ina historia yake ndefu zaidi. Nimeipa nafasi yake chini.

Video zimejaa bure kwenye intaneti. Mwalimu wa nini?

Kwa sababu kile unachotaka kujifunza hakionekani kwa macho. Video itakuonyesha mkono umefika wapi. Haitakuonyesha kama bega limeachia, kama uzito umeshuka mpaka kwenye nyayo, au kama nyonga ya kushoto imejifunga. Mwalimu anaweka kiganja chini ya mgongo wako, anakwambia, "Achia hapa," nawe unagundua kwamba pale umekuwa ukikaza misuli kwa miaka bila kujua. Au anakuruhusu umshike mkono, kisha anakusukuma, na kabla hujahisi msuli wowote ukijiandaa, visigino vyako vimeshaacha ardhi. Hakuna aliyejua kwa kutazama tu kwamba unga wa chapati umelainika vya kutosha. Vidole ndivyo vinavyojua.

Ndiyo maana zoezi la kusukumana mikono ni moyo wa taichi. Watu wawili hugusana mikono na kuzunguka taratibu, kila mmoja akitafuta mahali mwenzake alipokaza. Mwalimu mzuri atakuwekea mkono mara nyingi, kwa subira, mpaka mkono wako uanze kufanana na wake. Urithi wote wa sanaa hizi umepita kwa njia hiyo, mkono kwa mkono, na kwangu hiyo ndiyo sababu pekee yenye uzito ya kumtafuta gwiji. Kama huwezi kumgusa naye hawezi kukugusa, basi umempata mhadhiri.

Video ina kazi yake: kukukumbusha mpangilio wa mienendo kati ya somo na somo. Masomo ya moja kwa moja kwa kamera nayo yanafaa kwa anayemfahamu mwalimu tayari na amewahi kusahihishwa naye ana kwa ana.

"Gwiji" ni cheo kinachotolewa na nani?

Zamani hakikutolewa na mtu yeyote. Sanaa hizi hazikuwa na mikanda ya rangi. China iliweka ngazi tisa rasmi mwishoni mwa miaka ya 1990, lakini walimu wengi wazuri wa vijijini hawana ngazi yoyote. Mwanafunzi humwita mwalimu wake shifu, na heshima hiyo hutolewa pia kwa fundi seremala au dereva. Mtu akijitangaza kuwa "bwana mkubwa wa mabwana wakubwa" kwenye bango lake, hiyo ni biashara. Wanaojua hasa mara nyingi hujitambulisha kwa jina la mwalimu wao.

Nitamtambuaje anayejua kweli?

Tazama wanafunzi wake kabla ya kumtazama yeye. Mwalimu mwenye kipaji anaweza kuwa hodari mwenyewe na asiweze kumfikisha mtu popote. Waangalie walio naye kwa miaka mitano au kumi: wanasimama vizuri? Magoti yao ni mazima? Wanaweza kusukumana mikono na mgeni bila kukasirika? Ukikuta kila mwanafunzi mkongwe anatembea akichechemea, ondoka.

Kisha mwombe, kwa adabu, umguse. Mwalimu wa kweli hana shida nayo. Mshike kiwiko, jaribu kumsukuma kifua polepole. Jihadhari na yule ambaye maajabu yake hutokea kwa wanafunzi wake peke yao, wakirushwa huku na huko bila kuguswa, halafu mgeni akisimama mbele yake nguvu hazifanyi kazi. Ukipata nafasi ya kusimama mbele yake, usianguke kwa kumstahi.

Mwezi Aprili 2017 mjini Chengdu, Xu Xiaodong, mpiganaji wa ngumi mchanganyiko, alimwangusha kwa chini ya nusu dakika Wei Lei, mtu aliyekuwa akijulikana kama bingwa wa taichi. China nzima ilizungumza. Wengine walilia kwamba utamaduni umetukanwa. Mimi naona pambano lile liliwasaidia wanafunzi kuliko lilivyowaumiza, kwa sababu lilionyesha hadharani kwamba jina na kanzu ya hariri havimkingi mtu na ngumi.

Sikiliza pia namna anavyosahihisha. Anayejua hutaja kiungo: goti limepita vidole vya mguu, kidevu kimeinuka, umeshika pumzi. Asiyejua hukuambia "ongeza chi", yaani nguvu ya uhai, na kuendelea mbele. Na mwulize swali gumu, moja. Atakayejibu kwamba hilo halijui, huyo mwongezee alama.

Je, silsila ya mwalimu ina umuhimu gani?

Ina umuhimu, ila si ule ambao matangazo yanaudai. Silsila inakuonyesha mafundisho yametoka wapi na yamepita mikononi mwa nani. Haikuhakikishii kwamba huyu aliye mbele yako aliyapokea.

Mfano mzuri ni Yang Luchan (1799–1872), mtu wa Yongnian, mkoa wa Hebei. Alikwenda Chenjiagou akajifunza kwa Chen Changxing, kisha akafundisha Beijing, ambako hata jamaa wa kasri la mfalme walikuwa wanafunzi wake. Wanawe Yang Banhou na Yang Jianhou waliendeleza, na mjukuu wake Yang Chengfu (1883–1936) ndiye aliyeipa taichi ya Yang umbo la mienendo mikubwa, ya polepole na laini ambalo dunia inaliona asubuhi kwenye bustani. Babu na mjukuu, silsila moja, na bado umbo lilibadilika. Wanafunzi wa Yang Luchan na wanawe nao walizaa mikondo mingine, ukiwemo wa Wu. Kwa hiyo anayekuambia kwamba yeye peke yake ana taichi "halisi isiyobadilika" hajasoma historia ya nyumba yake mwenyewe.

Silsila pia hukatika, au hukaribia kukatika. Chen Zhaopi (1893–1972), aliyekuwa ameishi miaka mingi nje ya kijiji, alirudi Chenjiagou mwaka 1958 akakuta vijana wenye kujua sanaa ya mababu ni haba. Akaanza kufundisha. Kisha yakaja Mapinduzi ya Utamaduni, yaliyoanza 1966, na mambo ya kale yakawa ya kupigwa vita. Yeye mwenyewe aliteswa, na mazoezi yakafanywa kwa siri. Wanne kati ya vijana wale ndio waliokuja kuipeleka taichi ya Chen duniani: Chen Xiaowang, Chen Zhenglei, Wang Xi'an na Zhu Tiancai. Wawili wa mwisho hata si wa ukoo wa Chen kwa jina. Ninapofikiria mzee yule akifundisha kijiji chenye njaa na hofu, naona kazi ya mwalimu ni nini.

Kuhusu Zhang Sanfeng, mtawa wa Wudang ambaye hadithi husema alibuni taichi baada ya kuona nyoka akipigana na ndege: ihifadhi kama hadithi. Mwanahistoria Tang Hao aliifuatilia miaka ya 1930, akafika hadi Chenjiagou, na hakukuta ushahidi wake.

Baishi ni nini, na je, nifanye?

Ni sherehe ya mwanafunzi kupokelewa rasmi kama mtoto wa nyumba. Kwa kawaida huandikwa barua ya ombi, mwanafunzi hupiga magoti na kuinamisha kichwa, humpa mwalimu chai, hutoa bahasha nyekundu yenye pesa, na mashahidi wapo. Kuanzia hapo wanafunzi wenzako ni kaka na dada zako wakubwa na wadogo kwa kufuata tarehe ya kuingia, bila kujali umri wa kuzaliwa. Mwalimu anawajibika kukufundisha kwa ukamilifu. Wewe unawajibika kumtunza, kutolitia doa jina lake na kutofundisha bila ruhusa yake.

Usiharakishe. Mwalimu anayekutaka ufanye baishi siku ya pili, tena kwa bei iliyobandikwa, anauza cheti. Desturi yenyewe ilidai pande zote mbili zichunguzane kwa miaka. Na unaweza kujifunza vizuri sana maisha yako yote bila kufanya baishi.

Mimi ni Mwislamu (au Mkristo). Dini yangu inaniruhusu?

Swali hili linaulizwa sana na linastahili jibu la heshima.

Tenganisha mambo matatu. La kwanza ni mazoezi ya mwili: kusimama, kutembea, mienendo, kusukumana mikono. Mfululizo wa mienendo 24 unaofundishwa kila mahali ulitungwa na kamisheni ya michezo ya serikali ya China mwaka 1956, kwa ajili ya afya ya umma, na hauna ibada ndani yake. La pili ni kutuliza pumzi na akili, na hapo inategemea mwalimu anakuelekeza uelekeze akili wapi. La tatu ni dini ya Utao yenyewe, yenye miungu, mahekalu, ubani na watawa. Hiyo ni dini kamili, na si haki kwao wala kwako kujifanya kwamba ni "falsafa tu".

Ukweli wa historia utakusaidia. Waislamu wa China, Wahui, ni miongoni mwa walinzi wakubwa wa sanaa za mapigano za nchi ile. Mkondo wa kale wa shingyi wa Henan ulitunzwa kwa vizazi ndani ya jamii za Wahui kabla ya kufundishwa kwa upana nje. Wang Ziping (1881–1973), mmoja wa magwiji waliosifiwa sana katika karne iliyopita, alikuwa Mwislamu wa Kihui kutoka Cangzhou. Hakuna aliyewaambia waache swala ili wapige ngumi.

Lililo zito ni kupiga magoti wakati wa baishi au mbele ya picha ya mwanzilishi. Kama imani yako hairuhusu, mweleze mwalimu mapema, kabla ya siku yenyewe. Wako wanaoridhika na kuinama kidogo na kikombe cha chai. Asiyeridhika, mshukuru uende. Na juu ya tafakuri zenye kutaja miungu ndani ya viungo vya mwili, ongea na sheikh au mchungaji wako. Si kazi ya mwalimu wa taichi kukutolea fatwa.

Tafakuri ya Kitao inafanywaje?

Mikondo ni mingi, ila miwili inatosha kwa anayeanza kuelewa ramani.

Mmoja ni kukaa na kusahau. Mzizi wake umo katika maandishi ya mwanafalsafa Zhuangzi, ya zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na Sima Chengzhen (647–735), bwana wa Kitao wa enzi ya Tang, aliuandikia mafunzo ya hatua kwa hatua. Unakaa, unaacha mwili utulie, unaacha mawazo yapite bila kuyafuata wala kuyafukuza, mpaka ile haja ya kushikilia kitu ipungue yenyewe. Ni rahisi kueleza. Kulifanya ni kazi ya maisha.

Mwingine ni alkemia ya ndani. Hapo mwili wa mtu unachukuliwa kuwa tanuri: asili ya uhai inasafishwa kuwa chi, chi inasafishwa kuwa roho, na roho inarudi kwenye utupu. Kazi huanzia sehemu iliyo chini ya kitovu, iitwayo dantieni. Shule ya Quanzhen, iliyoanzishwa na Wang Chongyang (1113–1170), iliifanya njia hii kuwa kazi kuu ya watawa wake. Mwanafunzi wake Qiu Chuji ndiye aliyesafiri akiwa mzee hadi milima ya Asia ya Kati kumwona Genghis Khan mwaka 1222. Khan alitaka dawa ya kutokufa, naye akamjibu kwamba ziko njia za kulinda uhai lakini dawa hiyo haipo. Qiu Chuji alizikwa kwenye Hekalu la Wingu Jeupe mjini Beijing, ambalo mpaka leo ni makao ya shule hiyo. Jibu lile la Qiu Chuji ningependa kila muuza semina alisome kabla hajachapisha tangazo la "maisha marefu".

Kwa anayeanza, mwalimu mwenye busara hatakupa alkemia. Atakukalisha kwenye kiti au mto, mgongo wima bila kukakamaa, ncha ya ulimi ikigusa kaakaa la juu, mikono mapajani, na kukuambia usikilize pumzi bila kuiongoza. Robo saa asubuhi na robo saa jioni. Miezi mingi hivyo hivyo.

Nimesikia watu huugua kwa tafakuri. Ni kweli?

Ni kweli, na wanaokuficha hilo wanakukosea. Miaka ya 1980 na 1990, mazoezi ya chi yalipovuma China kwa mamilioni ya watu, madaktari wa akili walianza kupokea wagonjwa waliosikia sauti, kuona mambo, kushindwa kulala au kuhisi joto lisiloisha linalopanda kichwani. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani wa mwaka 1994 uliitaja hali hiyo kwa jina. Wachina wenyewe wana usemi wa zamani juu yake, kwamba moto umeacha njia na shetani ameingia.

Kinacholeta hatari ni kushika pumzi kwa nguvu, kusukuma chi kwa mawazo kuelekea kichwani, kukaa saa nyingi bila msimamizi, na kuchanganya mbinu za walimu watatu. Aliyewahi kuugua akili, au ambaye yuko kwenye dawa, azungumze na daktari wake kwanza na asiache dawa kwa maneno ya mwalimu yeyote. Ukiona dalili, acha mara moja, kula vizuri, tembea, lima bustani, fanya kazi za mikono, na kama hazipungui nenda hospitali. Mwalimu atakayekuambia kwamba ndizo "dalili za kufunguka" na uongeze bidii, mkimbie.

Je, ni lazima niende China?

Si lazima, ila safari moja iliyoandaliwa vizuri hufungua macho.

Chenjiagou ni kijiji cha mashambani ambacho sasa kina shule nyingi za taichi za bweni, wengi wa wanafunzi wakiwa vijana wa Kichina wanaofanya mazoezi siku nzima. Unafika kupitia Zhengzhou. Wudang, mkoani Hubei, ni safu ya milima yenye mahekalu yaliyojengwa kwa amri ya mfalme Yongle kuanzia 1412, na iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1994. Kuna shule binafsi nyingi chini ya mlima, nyingine nzuri, nyingine za watalii, kwa hiyo usilipie miezi sita kabla ya kuonja wiki mbili. Baridi yake Januari ni kali kwa mtu wa Pwani. Beijing ina faida yake: asubuhi kwenye bustani ya Hekalu la Mbingu utakuta wazee wanaofanya kila mkondo, na ukienda kila siku kwa adabu, watakuuliza wenyewe umetoka wapi.

Viza ya masomo ya China ni ya aina mbili: X2 kwa masomo yasiyozidi siku 180, na X1 kwa yanayozidi. Shule yenyewe ndiyo inayokupa barua, na si kila shule inaruhusiwa kutoa. Uliza kabla ya kulipa ada.

Na jifunze Kichina. Hata cha miezi mitatu. Ukimtegemea mkalimani asiyefanya mazoezi, utasafirishwa maelfu ya kilomita kusikia "legeza" peke yake.

Afrika Mashariki nitampata wapi mwalimu?

Wapo wachache. Anzia Taasisi za Konfusio, vituo vya kufundisha lugha na utamaduni wa China. Ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilifunguliwa 2005 na ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam 2013, na taasisi za namna hii huwa na vipindi vya utamaduni, taichi ikiwemo, kutegemea ni mwalimu gani yuko mwaka huo. Uliza pia kwenye vilabu vya wushu, yaani sanaa za mapigano za Kichina. Walio Ulaya, Amerika ya Kaskazini na Ghuba wana nafasi zaidi, kwani magwiji wa Chenjiagou na wengineo huzunguka huko kwa semina. Ningemchagua mwalimu wa kawaida aliye mwaminifu na anayekuona mara mbili kwa wiki kuliko jina kubwa litakalokuona siku mbili kwa mwaka. Bora zaidi ni kuwa na wote wawili.

Nina miaka 58 na magoti yanauma. Nimechelewa?

Hapana. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2019 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, ulikadiria kwamba taichi huenda ikapunguza kuanguka kwa wazee kwa asilimia 19. Utafiti wa mwaka 2012 uliowahusisha watu 195 wenye ugonjwa wa Parkinson ulikuta waliofanya taichi kwa wiki 24 wakisimama imara zaidi kuliko waliofanya mazoezi ya uzito au ya kunyoosha viungo.

Ila mwambie mwalimu juu ya magoti siku ya kwanza. Simama juu, usishuke chini. Goti lifuate uelekeo wa vidole vya mguu kila wakati, na ugeuke kwa nyonga. Goti si bawaba ya kugeukia. Likiuma, huo mwendo una kosa.

Inachukua miaka mingapi?

Wachina husema shingyi mwaka mmoja inaua mtu, taichi miaka kumi bado hujatoka mlangoni. Ni utani wenye ukweli ndani yake. Kwa afya na usingizi, wengi huona tofauti ndani ya miezi michache ya kufanya kila siku. Kwa ule mkono uliolegea wenye nguvu, hesabu miaka.

Naweza kupigana kwa sanaa hizi?

Ukizifanyia mazoezi ya kupigana, ndiyo. Ukifanya mienendo ya polepole peke yake, hapana, hata baada ya miaka ishirini.

Ni kweli walimu wanaficha siri?

Walificha. Ukoo ulikuwa na riziki ya kulinda, na hadithi maarufu humwonyesha Yang Luchan akichungulia usiku mazoezi ya wenye nyumba. Leo mienendo yote imechapishwa na kurekodiwa. Kinachobaki ni mambo ambayo mwalimu huyasema waziwazi kila siku na mwanafunzi hayasikii, kwa sababu mwili haujafika. Utaambiwa "zamisha kiwiko" mara mia tano, na siku moja kiwiko kitazama. Kwa hiyo "kozi ya siri" yenye bei ya mara tano ya kozi ya kawaida usiinunue. Ni mbuzi kwenye gunia.

Naruhusiwa kuwa na walimu wawili?

Mwombe ruhusa wa kwanza, waziwazi. Sun Lutang alijifunza shingyi kwa Li Kuiyuan, na Li mwenyewe ndiye aliyempeleka kwa mwalimu wake, Guo Yunshen. Baadaye Sun akaenda Beijing kujifunza bagua kwa Cheng Tinghua. Mwalimu anayejiamini humtuma mwanafunzi wake mbele. Ukizuiwa hata kuhudhuria semina ya siku moja kwa mwingine, jiulize analinda nini.

Mwalimu wangu ananishika mahali pasipofaa na kusema ni sehemu ya mafunzo.

Si sehemu ya mafunzo. Kusahihisha mwili kunafanyika hadharani, nguo mwilini, kwa ridhaa, na ukisema hapana mkono unaondolewa. Anayedai "nguvu za Kitao" zinapitishwa faraghani chumbani anatumia jina la dini ya watu kuficha uovu. Toka, mwambie mtu unayemwamini, toa taarifa polisi au kwa mamlaka iliyopo. Hukumvunjia mtu heshima. Wewe ndiwe uliyevunjiwa. Ikiwa umefanya baishi, kiapo hicho hakikufungi kwa mtu wa namna hiyo.

Nifanye nini wakati bado namtafuta?

Simama. Wang Xiangzhai (1885–1963), mwanafunzi wa Guo Yunshen, aliondoa mienendo karibu yote akaacha kusimama kuwe msingi wa mafunzo yake. Miguu iachane kwa upana wa mabega, nyayo zielekee mbele, magoti yalegee kidogo tu. Achia mkia wa mgongo ushuke, utosi uinuke, kidevu kiingie ndani. Inua mikono mbele ya kifua kwa mviringo, viwiko chini ya mabega, vidole vimeachana. Pumua kwa pua bila kuhesabu. Anza na dakika tano, na uongeze moja kila wiki ikiwa magoti na mgongo haviumi. Mapaja yatatetemeka na mabega yatapanda masikioni. Kila yakipanda, yashushe. Ukihisi kizunguzungu, shusha mikono na utembee. Ukimpata mwalimu, usimwambie umefanya hivyo kwa muda gani. Simama mbele yake umwache akusahihishe.